Silinda inayong'aa kama kioo haijapona

SWALI: Ninamiliki mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Hivi karibuni ilifanyiwa ovahoo kwa kuwekwa slivu mpya (bomba ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake), pistoni mpya na ringi mpya (pete zinazoizunguka pistoni), kisha fundi akaagiza iachwe sailensa, yaani iungurume taratibu bila kusaga, kwa siku tatu ili ringi zizoee. Sasa inatoa moshi wa bluu na inakula oili. Tulipofungua silinda hedi tulikuta ukuta wa silinda unang'aa kama kioo, jambo ambalo fundi anasema ni dalili njema. Anashauri niweke oili nzito zaidi pamoja na dawa ya injini. Je, ninunue dawa ipi? (Msomaji, Mbozi)

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue yoyote. Mng'ao anaousifu fundi wako ndio ugonjwa wenyewe, na imani kwamba silinda nzuri ni ile iliyo laini kabisa imeharibu injini nyingi mpya kabla hazijaanza kumlipa mwenyewe.

Slivu yako ni ya chuma cha kusubu, ambacho ndani yake mna vipande vyembamba vya grafati vinavyopunguza msuguano na kushika oili kidogo. Grafati hiyo haitoshi peke yake, ndiyo maana ukuta huchongwa mistari inayokatana kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60 hivi, yenye kina cha mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ili oili ibaki humo kila ringi inapopita. Katika saa za mwanzo ringi na ukuta husagana mpaka vilele vya mistari hiyo vinaisha na mabonde yake yanabaki. Kazi hiyo haifanyiki bila mzigo, kwa sababu kinachoikandamiza ringi ya juu ukutani si mkazo wake tu, bali hasa ni shinikizo la gesi linaloingia nyuma yake. Injini inapounguruma sailensa kutwa nzima, shinikizo hilo ni dogo, ringi haikai vizuri, na oili inayobaki ukutani huungua na kuacha utando mgumu unaoziba mistari yote. Huo ndio mng'ao mliouona.

Sasa kuhusu oili nzito, ushauri ambao nimechoka kuusikia. Pistoni inapokuwa katikati ya mwendo wake ina kasi ya kutosha kuifanya ringi ibebwe na oili. Inapofika juu kabisa husimama kabla ya kugeuka, na hapo hapo, joto na shinikizo vikiwa vikali, utando wa oili hukatika na chuma hukaribia kugusa chuma. Ndiyo maana silinda iliyozeeka huwa imelika zaidi karibu na juu, hata ukipitisha kidole unahisi ngazi. Kinacholinda mahali hapo ni kemikali za zinki na fosforasi ambazo tayari zimo katika oili sahihi ya injini, wala si uzito wake. Asubuhi ya baridi kama za kwenu, oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye beringi. Wapo hata wanaochanganya oili ya gia namba 140, ambayo haikutengenezwa kusafisha masizi ya dizeli. Moshi hupungua kwa muda, mteja analipa, na fundi haonekani tena.

Dawa za chupa nazo zina historia yake. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wa dawa moja iliyokuwa ikiuzwa sana, kwa kutangaza kwamba inapunguza ulikaji wa injini bila kuwa na ushahidi wa kutosha. Huku kwetu muuzaji haulizwi hata swali moja.

Kwa injini yako, pima kwanza kipenyo cha silinda juu, katikati na chini. Kikiwa bado ndani ya kipimo, ukuta uchongwe mistari upya na uwekewe ringi mpya. Ukishaiwasha, iache ipate moto kwa dakika chache, kisha anza kusaga kwa takriban nusu ya mzigo, ukiongeza na kupunguza, bila kuiacha sailensa muda mrefu. Tumia oili ya kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini, na ile ya kwanza imwagwe mapema kama kitabu hicho kinavyoelekeza, kwa kuwa hubeba unga wa chuma.

Yeyote anayepeleka injini kwa ovahoo, iwe ya trekta, ya daladala au ya boti, asimame karibu wakati silinda inasafishwa baada ya kuchongwa. Mafundi wengi huifuta kwa dizeli au petroli, ambazo huondoa grisi lakini huacha chembe za jiwe la kuchongea zimenasa ndani ya mistari, na chembe hizo ni ngumu kuliko chuma cha kusubu. Ukuta unapaswa kusuguliwa kwa brashi, maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa kitoke cheupe, kisha upakwe oili mara moja kabla kutu haijaanza. Fundi akikataa kufanya hivyo kwa madai ya kukosa muda, chukua bloku yako uipeleke kwingine.