Bosi anasema dini yake haimruhusu kuhudumia Wayahudi, sheria ya Marekani inasemaje?

Swali: Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye mgahawa mdogo. Juzi kaja mteja amevaa kile kikofia cha Kiyahudi, kaagiza chai na sambusa, bosi akatoka jikoni akamwambia "hatuuzi kwa Wayahudi, ni imani yangu na Katiba inanilinda." Kesho yake akakataa kuandika Kiebrania kwenye keki ya mama mmoja Myahudi. Ana haki? Na mimi akiniamuru nimfukuze mtu itakuwaje?

Jibu: Dada, tuanze na sambusa maana hiyo ni rahisi. Bosi wako hana haki. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inataja migahawa na hoteli moja kwa moja, na inakataza kumnyima mtu huduma kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Hoja ya "imani yangu" ilishajaribiwa zamani sana, kuna jamaa South Carolina alikuwa na migahawa ya nyama choma ya Piggie Park, weusi anawauzia kwa dirishani wabebe waondoke, ndani hawakai, akasema dini yake inakataza kuchanganya watu. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu haikupoteza hata aya nzima kwenye hoja hiyo, ikaimaliza kwenye tanbihi kwamba ni upuuzi. Aamini anachotaka moyoni, kanisani au msikitini, ila kaunta ni mambo mengine.

Kuna kitu mabosi wengi hawakijui. Sheria ya 1964 mteja akishinda anapata amri ya mahakama na gharama za wakili, fidia hapana. Lakini ipo ya 1866 inayolinda watu wasibaguliwe kwa rangi kwenye mikataba, na kununua chai ni mkataba. Mwaka 1987, kwenye kesi ya sinagogi la Maryland lililochafuliwa kwa rangi ya kupulizia, Mahakama ya Juu ilisema Wayahudi nao wanalindwa, kwa sababu mwaka 1866 walihesabiwa kama "rangi" (race) ya peke yao. Huko fidia ipo, na aliyeshiriki mwenyewe anaweza kushtakiwa, yaani hata wewe. Kwa hiyo usimfukuze mtu. Ukifukuzwa kazi kwa kukataa tafuta wakili haraka, sheria hiyohiyo inazuia kulipiza kisasi, mahakama ilishasema hivyo mwaka 2008.

Akibadilisha maneno akasema "sio dini, ni siasa za Israel", bado mteja hajaulizwa msimamo wake, kaangaliwa kichwani tu. Juni 2025 Wizara ya Sheria ilishtaki mgahawa mmoja wa kahawa Oakland, California, ikidai uliwafukuza wateja Wayahudi waliovaa kofia zenye Nyota ya Daudi.

Sasa keki, hapa mambo yanakuwa membamba kidogo. Mwaka 2023 mtengeneza tovuti wa Colorado, aliyekataa kutengeneza tovuti za harusi za watu wa jinsia moja, alishinda Mahakama ya Juu kwa kura 6 kwa 3, lakini kwa uhuru wa kusema, sio dini, na kwa kazi ya ubunifu yenye ujumbe. Kwa hiyo mimi ningeuliza: maneno yaleyale angemwandikia mteja mwingine? Kama kila siku anaandika "Hongera" kwa Kiarabu na Kihispania halafu kikija Kiebrania mkono unaganda, basi tatizo ni mteja, sio maneno. Na ile keki ambayo tayari iko kwenye kioo, haina jina la mtu, hapo hana pa kujishika kabisa. Kama hajui herufi aseme hajui, aletewe karatasi anakili, watu wanafanya hivyo kila siku.

Wewe andika tarehe, saa na maneno aliyosema kama yalivyo, weka nyumbani sio kwenye simu ya kazini. Mteja aende kwenye tume ya haki za kiraia ya Ohio. Na bosi akikwambia sasa anaugeuza mgahawa uwe klabu ya wanachama ili aikwepe sheria, mwangalie tu lile bango la "Karibuni wote" mlangoni, maana klabu ya jina tu mahakama zilishazizoea.