Kanda za marehemu baba, usiziwahishe kuzipiga

Dada pole, nimekuelewa, baba kaacha kanda za kaseti alizomrekodi Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo wa Tanzania, akipiga ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze jukwaani na unaogopa zitakufia mkononi. Aisee hiyo ni mali, mzee Zawose katutoka tangu 2003, mimi zeze la Kigogo nikilisikia tu nasisimka mwili mzima.

Kwanza vunja vile viplastiki viwili vya mgongoni mwa kanda, mtu asije akarekodi juu yake. Halafu usiichomeke kwenye redio kaseti yoyote tu, mimi niliharakisha kanda ya mjomba ikatafunwa na ile sauti haikurudi, inaniuma mpaka leo. Safisha hedi, kile kichuma cha redio kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti, jaribu na kanda usiyoijali, ndo upitishe waya kutoka tundu la hedifoni mpaka tundu la kuingizia sauti kwenye kompyuta, rekodi na programu ya Audacity, hifadhi kama faili la WAV lisilobana sauti, nakala mbili sehemu tofauti. Kanda ya dakika 90 ni 45 kila upande, na lazima usubiri icheze yote ndo irekodiwe, hakuna njia ya mkato.

Ukiona unga mweupe kwenye utepe hiyo fangasi, usiipige kabisa, tafuta fundi anayezijua kanda na ukae naye hapohapo mpaka amalize.