Wikendi 52, Nimekumbuka 19

Mwaka jana ulipokuwa unaishia nilijipa kazi moja ndogo. Nilichukua daftari nikaandika wikendi zote za mwaka, ili mbele ya kila moja nijaze nilikuwa wapi na nilikuwa na nani. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Bila kugusa simu nilikumbuka wikendi 11. Nikafungua picha, nikachungulia ujumbe wa malipo na zile meseji za "umefika salama?", zikafika 19. Hizo 33 zilizobaki zilikaa tupu kwenye daftari, zinanitazama.

Sikushtushwa sana na idadi. Nilichoshangaa ni kwamba kati ya hizo 19, nne zilikuwa za safari na tisa zilinikuta kwenye meza moja ileile ya mgahawa ulio hatua chache kutoka kwangu. Yaani ukiondoa kazi, mwaka wangu ulibebwa na safari fupi nne na meza moja. Tangu siku hiyo mambo haya mawili nayapanga kwa umakini kuliko ninavyopanga malengo ya mwaka, ambayo, tuseme ukweli, hufa yakiwa bado machanga.

Nianze na safari, kwa kuwa huko ndiko nilikokosea zaidi.

Nilipoanza kutoka wikendi nilikuwa na tamaa. Miji mitatu kwa siku mbili, picha kila mahali, halafu Jumatatu kazini macho mekundu. Piga hesabu nami: kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni ni saa 48. Toa 16 za kulala, zinabaki 32. Kama kwenda ni saa sita na kurudi saa sita, umebaki na 20, na humo humo kuna kuoga, kupanga foleni, kutafuta chumba na kununiana. Katika safari ile ya miji mitatu ninachokumbuka vizuri ni kiti cha basi. Kilikuwa kimepasuka upande wa kulia, na abiria walionitangulia walikuwa wameuchokonoa ule mpasuko hadi sponji ikachungulia nje. Nami nikaendeleza kazi yao njia nzima. Ile miji yenyewe ukiniuliza leo, nitabaki kubahatisha.

Siku hizi sivuki saa mbili na nusu za njiani kwenda. Mahali pakiwa mbali zaidi ya hapo, pananisubiri hadi likizo. Na nachagua jambo moja tu la kwenda kufanya: kuogelea, kupanda kilima, kulala bila kengele, lolote. Mengine yakitokea ni nyongeza.

La pili ni mwisho wa safari. Kuna jaribio lililofanywa na mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake mwaka 1993 ambalo huwa nalikumbuka kila ninapofunga begi. Watu walitia mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Katika awamu nyingine walipitia sekunde 60 zilezile, lakini wakaacha mkono humo sekunde 30 zaidi, maji yakipashwa kidogo kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia awamu ipi, wengi walichagua ile ndefu, ingawa ukijumlisha, ndiyo iliyowaumiza kwa muda mrefu zaidi. Iliisha vizuri kidogo kuliko mwenzake, na kumbukumbu ikashika pale mwisho.

Sasa fikiria wengi wetu tunavyomaliza safari. Tunang'ang'ania hadi dakika ya mwisho Jumapili, kisha tunakimbilia gari la mwisho, jasho, mizigo, na ugomvi wa nani aliyesahau chaja. Niliwahi kuwa na siku mbili nzuri mno na mtu ninayempenda, zikaisha kwa kurushiana maneno kituoni kwa sababu ya begi moja. Hadi leo safari ile kwangu ni begi. Kwa hiyo naondoka Jumapili mapema, saa sita au saba mchana, na kile kitu kizuri kuliko vyote nakiweka asubuhi hiyo hiyo. Wenzangu hunicheka kwamba naondoka sherehe ikiwa imenoga. Ndiyo, hapo ndipo pa kuondokea.

Halafu taja tarehe mapema. Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 1,530 wa Uholanzi. Waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiokwenda popote, lakini baada ya kurudi tofauti hiyo haikuonekana, isipokuwa kwa waliosema mapumziko yao yalikuwa tulivu kabisa. Mimi nasoma hapo mambo mawili: nusu ya utamu iko kwenye kungojea, na utulivu unalipa kuliko mizunguko. Safari ya kuamuliwa Ijumaa mchana ina raha yake, sikatai, ila inakunyima wiki tatu za kuiwaza ukiwa umekwama kwenye kikao.

Tuje kwenye meza.

Mgahawa wa mtaani hauutafuti kwa nyota za intaneti. Mimi huenda saa mbovu, ile katikati ya mchana na jioni ambayo si ya kula, nikaangalia kama kuna mtu amekaa peke yake bila kuharakishwa. Kama yupo, na mhudumu hajaanza kumzungukia na kitambaa akifuta meza iliyokwisha kufutwa, hapo pana dalili njema. Kisha swali langu kwa mhudumu huwa: "Leo kipi kimeisha?" Ukiuliza kipi kizuri, kila mahali utaambiwa kila kitu ni kizuri. Ukiuliza kilichoisha, unajua wenyeji wanafuata nini, na kesho unawahi.

Usiuhukumu kwa mara moja. Mara ya kwanza unakula ugeni wako, mara ya pili unalinganisha, mara ya tatu ndiyo unaonja chakula. Na ukishaupenda, kaa meza moja. Najua inasikika kama uzee. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Kila nikifika nakunja karatasi ya risiti mara nne naisokomeza chini yake, ikatulia. Siku moja nilifika nikakuta karatasi imeshawekwa, imekunjwa mara nne kama yangu. Mhudumu alikuwa upande wa pili anajifanya hanioni. Hakuna safari niliyowahi kusafiri iliyonipa kitu kama kile.

Mwanasosholojia Mmarekani Ray Oldenburg alipaita pahala pa namna hii mahali pa tatu: pa kwanza ni nyumbani, pa pili ni kazini, na hapa ni pale unapokwenda bila kuitwa na bila kudaiwa kitu. Mimi naongeza sharti langu: pawe pa kufika kwa miguu. Ukishahitaji usafiri, utaanza kutafuta sababu za kutokwenda. Na jamani, msipaanike mtandaoni. Nilifanya hivyo na mahali fulani, ndani ya mwezi mmoja nikawa nasubiri nafasi nyuma ya watu niliowaleta mwenyewe kwa mdomo wangu.

Basi, kuupitia mwaka. Hili lina kosa moja ambalo karibu kila mtu analifanya: kuanza na Desemba. Akili inasahau kwa kasi mwanzoni. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima hilo kwa kujikaririsha silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885, na mstari wa kusahau ukaonekana unaporomoka haraka mwanzoni, kisha unashuka polepole. Matokeo yake, ukikaa mwisho wa mwaka kuuwaza, unawaza wiki sita za mwisho na kuziita mwaka. Kama Novemba ilikuwa mbaya, utajihukumu mwaka mzima. Anza Januari, tena kwa ushahidi: picha, malipo, kalenda, meseji. Na mwaka huu unaoendelea, jiandikie mistari miwili kila Jumapili usiku. Miwili tu. Ukijiwekea ukurasa mzima utaacha wiki ya tatu. Mimi niliacha ya pili.

Zile 33 tupu usizilaumu zote. Nyingine nilikuwa nimechoka na nililala, na kulala nako ni kuishi. Ila najua kuna zilizopotea nikisogeza skrini kwa kidole gumba tangu asubuhi hadi taa za nje zikawaka, na hizo najua ni nyingi.

Safu iliyonipa faida kubwa daftarini ni ile ya "nilikuwa na nani". Nilipoisoma kutoka juu kwenda chini, jina la rafiki yangu mmoja lilikuwepo Januari, Februari mara mbili, Machi, Aprili. Halafu basi. Hatukugombana. Hakuhama. Nilirudi kwenye meseji: ya mwisho ilikuwa yake, "tutafutane wiki ijayo", na mimi nilikuwa nimeiwekea kidole gumba.

Nilimpigia palepale, sikuandika. Alipokea akiwa na sauti ya mtu anayehofia kuna msiba. Nikamwambia njoo Jumamosi, mezani kwangu. Alikuja amechelewa dakika arobaini, kama zamani, akaketi, akaweka viwiko mezani, meza ikayumba.

"Hii meza haitengenezwi tu?" akauliza.

Nikampa risiti aikunje mwenyewe.