Kozi ipi ianze: ya darasani au ya mtandaoni?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanze na mafunzo ya kufundisha darasani au mtandaoni, kwa kuwa chuo chako sasa kinadai yote mawili. Ningekushauri uchague kozi inayokulazimisha kufundisha mbele ya wenzako, kwa mtindo ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960: unafundisha mada moja kwa dakika chache, unarekodiwa, unakosolewa, kisha unairudia. Cheti cha kusikiliza mihadhara tu (na vyeti hivyo vimejaa tele) hakitakusaidia. Kwa upande wa mtandaoni, jifunze kwanza kuugawa mhadhara wa saa nzima katika video fupi, kila moja ikifuatwa na swali ambalo mwanafunzi atalijibu kwa maandishi kabla ya kuendelea. Programu za kompyuta zenyewe utazizoea.