Maswali ya Wasomaji: Kunde Nilizolima Mwenyewe Haziivi

SWALI: Nimelima kunde na kuvuna za kutosha, lakini zile nilizozikausha na kuziweka tangu msimu uliopita hazilainiki: maganda yanachanika huku kiini kingali kigumu. Isitoshe, tukizila matumbo hujaa gesi. Je, ninakosea katika kupika?

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro hiyo kwa kawaida huanzia ghalani. Kunde zinazokaa kwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hugeuka ndani kwa ndani, hata zikawa sugu kwa moto, na ndiyo sababu za msimu huu zitaiva upesi kuliko hizo. Hata hivyo, usizitupe. Zichambue, uondoe zilizobunguliwa, uziloweke usiku kucha katika maji mengi, kisha uyamwage na kupikia mengine, kwa kuwa sehemu ya sukari zinazoleta gesi huyeyukia humo. Nyanya, ndimu na chochote kilicho kichachu kitiwe baada ya kunde kulainika, kwani uchachu huchelewesha kuiva. Magadi husaidia, ila huharibu vitamini B1, kwa hiyo nashauri yatumike kidogo sana, na kwa kunde kongwe tu. Kunde mpya zilizolowekwa huchukua kati ya dakika 30 na saa 1; za zamani zipe muda zaidi. Minya punje kati ya vidole: ikipondeka yote bila kubaki chembe ngumu katikati, imeiva.

Lakini kwa nini uzingoje zikauke zote? Aliyelima mwenyewe ana nafasi ambayo mnunuzi wa kunde kavu hana. Ganda linapoanza kubadilika rangi, punje ikiwa imejaa na bado inaingia ukucha, zichume na kuzipukuchua. Hazihitaji kulowekwa, huiva kwa takriban dakika 20, na kwangu mimi hakuna hatua ya kunde iliyo tamu kuliko hiyo. Maganda machanga, yale yanayokatika yakikunjwa, hupikwa mazima. Majani ya ncha nayo ni mboga nzuri, ila uyachume kwa kiasi, maana mmea ulionyonyolewa majani hauwezi kujaza punje.

Zile utakazoamua kuzikausha, zianike mpaka punje ikiumwa ivunjike badala ya kubonyea. Fukusi huanza kutaga mayai juu ya maganda yangali shambani, kwa hiyo hata kunde zinazoonekana safi siku ya kuvuna zinaweza kutoboka baadaye. Zikishapoa kutoka juani, zijaze hadi mdomoni katika chombo kikavu kisichopitisha hewa, ukifunge barabara na kukiweka penye ubaridi. Wadudu watakaoanguliwa humo watakosa hewa, na kunde hazitapata unyevu wa kuzifanya sugu kama hizo ulizo nazo sasa.