Maswali ya Wasomaji: Kutoka ziwani hadi baharini kwa gari lenu wenyewe

Desemba inakaribia na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: safari ndefu ya gari inagharimu kiasi gani, na gari litafika? Tumechagua tano.

Habari zenu. Tunasafiri kutoka Kisumu kwenda Mombasa, wazazi wawili na watoto wanne, kwa Noah yetu ya injini ya lita 2. Mombasa tutafikia kwa shangazi, kwa hivyo malazi na chakula cha huko si mzigo wetu. Tumeweka shilingi 60,000 za njiani, kwenda na kurudi. Zitatosha? – Mama wa wanne, Kisumu

Mama, kwa jinsi watu wengi wanavyosafiri hazitoshi. Zinaweza kutosha mkibana mahali panapobanika, na tutakuonyesha ni wapi.

Anza na umbali. Kisumu hadi Nairobi kupitia Kericho na Nakuru ni kama kilomita 345. Nairobi hadi Mombasa ni kama 485. Hiyo ni 830 kwenda, 1,660 kwenda na kurudi. Ongeza 150 za kuzunguka huko, maana hakuna anayefika pwani akaliacha gari kwa shangazi wiki nzima. Jumla 1,810.

Sasa gari linakula kiasi gani? Usichukue namba ya jirani wala ya muuzaji. Jaza tangi hadi bomba likate lenyewe, andika kilomita, endesha hadi Kakamega na kurudi, kisha ujaze tena kwenye pampu ileile hadi ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo watoto wakiwa ndani na eyakondishena ikiwaka, kwa sababu ndivyo mtakavyosafiri. Noah ya injini hiyo iliyopakiwa mara nyingi hutoa kama kilomita 10 kwa lita. Kwa hesabu hiyo ni lita 181. Tukikadiria petroli shilingi 185 kwa lita, ni 33,485. Weka asilimia 10 juu yake kwa ajili ya foleni na njia za mchepuko, ufike kama 37,000. EPRA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi na huanza kutumika tarehe 15; safari ikivuka tarehe hiyo, piga hesabu upya.

Yaliyobaki ndiyo husahaulika. Sevisi kabla ya kuondoka, yaani oili, filta na kukagua breki: tenga 8,000. Barabara ya kulipia ya Nairobi, kutoka Westlands hadi Mlolongo, ni 500 kwa gari dogo, mara mbili 1,000. Kulala njiani usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi, vyumba viwili vya 2,500: 10,000. Chakula cha siku nne za barabarani, watu sita, 400 kila mtu kwa siku: 9,600. Halafu 10,000 ya dharura ambayo haiguswi hata kwa soda. Jumla ni 75,600. Mmepungukiwa na 15,600.

Wengi hapa hukata ile ya dharura au ile ya sevisi. Msifanye hivyo. Pancha mbili na kuvutwa hadi gereji vinamaliza 10,000 kabla jua halijatua, na sevisi ndiyo inayopunguza uwezekano wa kuihitaji pesa hiyo. Kateni hivi. Chumba kimoja chenye godoro la ziada badala ya viwili kinaokoa 5,000. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na maji kutoka nyumbani vinapunguza chakula kwa nusu, 4,800. Ondoeni keria ya juu na mtembee kwa 80 hadi 90 badala ya kukimbiza 110. Noah yenye afya hufika kilomita 12 kwa lita kwa mwendo huo, na mafuta yanashuka hadi karibu 30,700. Hapo mmeokoa 6,300 nyingine na jumla inakuwa 59,500. Lakini hiyo 12 msiiandike kwenye daftari kabla hamjaipima wenyewe.

Kuhusu ratiba: usigawanye kilomita kwa 80. Ukiwa na watoto, malori ya kupanda Mau na matuta ya kila soko, wastani wa kweli ni 50 hadi 55 kwa saa. Tokeni Kisumu saa kumi na mbili asubuhi, kuleni Nakuru, mvuke Nairobi mchana na kulala Mlolongo au Athi River. Tunasisitiza kulala upande wa pili wa Nairobi. Ukilala kabla ya jiji, asubuhi yako ya pili inaishia kwenye foleni. Kabla ya kuondoka ulizieni pia hali ya barabara kati ya Mau Summit na Rironi, ambako upanuzi ulizinduliwa mwishoni mwa 2025; mchepuko mmoja unaweza kula saa nzima.

Siku ya pili jazeni tangi kabla ya Mtito Andei, kwa sababu kutoka hapo hadi Voi mnapita mbuga ya Tsavo na vituo ni vichache. Ndovu huvuka barabara sehemu hiyo. Mkimwona mmoja, subirini, wengine wako nyuma yake. Mkitaka kupumzika mapema, hekalu la Masingasinga pale Makindu hulisha wasafiri bila malipo. Wekeni sadaka mnayoweza. Na kama shangazi anakaa upande wa Diani, barabara ya Dongo Kundu inawafikisha kusini bila kupanga foleni ya feri Likoni.

Fielder yangu huchemka nikipanda kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit, lakini mjini haina shida. Fundi amebadilisha themostati, bado. Nataka kwenda Malindi nayo. Niende? – Dereva, Nakuru

Usiende kabla ya kujua sababu. Dalili yako yenyewe inasema mengi. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likitembea mara nyingi lina tatizo la feni. Lako ni kinyume: linachemka likifanya kazi nzito, kwa hivyo feni si mshukiwa wa kwanza. Tafuta kwa utaratibu huu, kuanzia kitu cha bei ndogo.

Kwanza kifuniko cha radieta. Injini ikiwa baridi kabisa, kifungue utazame mpira wa chini. Ukiwa umekauka, umepasuka au una alama ya kuliwa, na springi yake ikiwa legelege ukiibonyeza kwa kidole gumba, hapo ndipo presha inapotorokea. Kazi ya kifuniko ni kushikilia presha ili maji yasichemke mapema. Karibu na Mau Summit uko juu ya mita 2,500, na maji yasiyo na presha huchemka huko kwenye nyuzi 92 hivi. Ndiyo maana gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuvumilia Kisumu na likashindwa Mau. Nunua chenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu ya cha zamani.

Pili, radieta yenyewe. Maji yakiwa ya rangi ya kutu, mtu alikuwa akijaza maji ya bomba badala ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, na mirija ya ndani huenda imeziba nusu. Mtelemkoni na mjini nusu inatosha, mlimani haitoshi. Isafishwe au ibadilishwe, kisha ijazwe kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Tazama pia mapezi ya mbele: wadudu na tope vikijaa, upepo haupiti. Yaoshwe kwa maji ya nguvu ndogo, maana nguvu kubwa huyalaza.

Tatu, na hili ndilo la kuogopa, gasketi ya kichwa cha injini. Injini ikiwa baridi, ondoa kifuniko, jaza hadi mdomoni, washa na utazame. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyokwama. Yakiendelea bila kukoma, au maji yakirushwa nje ukikanyaga mafuta, gesi ya injini inaingia kwenye maji. Mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi mwingine. Gari la namna hiyo halitoki Nakuru kwenda popote ila gereji.

Likikuchemkia njiani: zima eyakondishena, fungua hita hadi mwisho na madirisha yote, maana hita inavuta joto kutoka injini. Simama mahali salama. Mvuke ukionekana, zima injini na usiguse kifuniko kwa angalau dakika 45. Usimwagie injini ya moto maji baridi. Kichwa cha injini hupinda, na gharama ya kifuniko inageuka gharama ya injini.

Maadamu uko gereji, ulizia mafuta ya breki. Hunywa unyevu wa hewa, na yakikaa zaidi ya miaka miwili hupunguza uwezo wa kustahimili joto. Safari ya Malindi haipiti huko, lakini kila ukirudi Nakuru kutoka Mau Summit unateremka kupitia Sachang'wan na Salgaa, mteremko mrefu unaojulikana kwa ajali za malori yaliyoishiwa breki. Dereva anayekanyaga pedali muda wote huko huyachemsha mafuta hayo, na pedali inazama hadi chini bila kushika. Teremka kwa gia ndogo. Kwenye otomatiki ondoa D, weka S au B au 2 kulingana na gari lako, na pedali uikanyage kwa vipindi. Kamwe usiweke N kwa kudhani unaokoa mafuta. Pedi zikibaki chini ya milimita 3, zibadilishwe kabla ya safari.

Na tairi: soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka sita au zaidi lisikupeleke Malindi hata kama meno yapo. Pima presha asubuhi kabla halijatembea, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, joto linapanda, na kwenye lami ya moto ya Kibwezi hadi Voi tabaka zake huachana. Ndiyo sababu tairi hupasuka saa nane mchana. Spea nayo ipimwe. Wengi huigundua imelala siku wanapoihitaji.

Ndugu yangu anasema tusafiri usiku kucha kutoka Vihiga, tuepuke foleni na tuokoe pesa ya loji. Mnasemaje? – Msomaji, Mbale

Tunasema hapana. Ukungu wa sehemu za Mau na Londiani ni mzito usiku na alfajiri. Malori yaliyoharibika huachwa barabarani bila taa, na onyo lenyewe huwa ni matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami. Ukitembea kwa 100 unayaona ukiwa umeshayakanyaga. Dereva aliyefanya kazi mchana kutwa husinzia kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, na kahawa haimsaidii kwa muda mrefu. Muwe mmeegesha saa kumi na mbili na nusu jioni. Shilingi 2,500 za chumba ndizo zilizotumika vizuri kuliko zote safarini.

Tuko wanane na gari ni la viti saba. Mtoto wa miaka sita anaweza kupakatwa? Pia jamaa wanataka kunichangia nauli. – Baba, Bungoma

Mtoto asipakatwe. Gari likigonga, mwili wa anayempakata ndio unaombana. Mkanda mmoja mtu mmoja. Wa nane apande basi hadi Nairobi, kisha treni, ambayo daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kuhusu mchango, angalia sana. Bima ya gari la binafsi kwa kawaida haihusu kubeba watu kwa malipo, na kampuni inaweza kukataa kulipa ikiona ulikuwa unakusanya nauli. Jamaa wakinunua mafuta au chakula kwa pamoja ni jambo jingine, lakini waulize bima yako na upate jibu kwa maandishi. Usisahau lifseva mbili (zile pembetatu za kuonya), kizima moto na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Nataka kuendesha kutoka Migori hadi Mwanza kupitia Isebania. Gari bado lina mkopo na logibuku, hati ya umiliki, iko benki. Nitavuka? – Mfanyabiashara, Migori

Utavuka ukiwa na barua ya benki inayokuruhusu kulitoa gari nchini, yenye namba ya gari, namba ya chesi, jina lako na tarehe za kwenda na kurudi, pamoja na nakala ya logibuku iliyothibitishwa. Omba mapema, benki hazitoi barua hiyo siku moja. Kabla ya kuondoka nunua kwa kampuni yako ya bima Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini), yaani bima ya gari ya kuvuka mpaka, ambayo Tanzania inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA, na uhakikishe tarehe zake zinafika siku ya kurudi pamoja na siku mbili tatu za ziada. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Isebania na Sirari ni kituo kimoja cha mpakani, kwa hivyo uhamiaji na forodha za nchi zote mbili ziko pamoja. Utapewa kibali cha muda cha gari. Kitunze kama pesa, na siku ya kurudi kipeleke forodha kifungwe. Kikibaki wazi, kwenye kumbukumbu zao gari halijatoka Tanzania na utadaiwa ushuru. Vijijini upande wa pili mwendo ni 50, kuanzia kibao cha kuingia hadi kibao kinachouondoa, na trafiki huwa na tochi za kupimia. Ukipigwa faini, dai risiti ya serikali.