Umepangiwa Zoolojia badala ya udaktari? Mdogo wangu, soma kwanza hapa

Kila vyuo vikitangaza majina, simu kutoka nyumbani Tanga huwa ni zile zile. "Mtoto aliomba udaktari, kapangiwa Zoolojia. Sasa hiyo itamfikisha wapi?" Naielewa simu hiyo kwa sababu na mimi yalinikuta. Nilitoka kidato cha sita na PCB yangu (Fizikia, Kemia na Biolojia), udaktari nikaukosa, nikaenda Dar es Salaam kusoma Zoolojia, yaani sayansi ya wanyama, kwa shingo upande. Mwaka wa kwanza wote niliingia darasani mwili tu, na mwaka huo naujutia mpaka leo.

Niseme wazi: shahada hii haikupeleki moja kwa moja kwenye kazi yenye jina, kama ilivyo kwa udaktari au ualimu. Ukimaliza, mtu atakuuliza mikono yako inajua kufanya nini. Jibu la swali hilo lianze kutafutwa ukiwa bado mwaka wa kwanza.

Mimi jibu langu nililipata Muheza, kwenye mafunzo ya vitendo baada ya mwaka wa pili, kwa mbu. Alfajiri tulipita nyumba kwa nyumba kukusanya mitego ya taa iliyotundikwa usiku kando ya vyandarua, kisha tukakaa kuwachambua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini. Dume unamtambua kwa vipapasio vyake, vimejaa manyoya kama unyoya wa kuku. Jike wa Anofelesi, huyo anayeeneza malaria, ana vijiti viwili pembeni ya mrija wa kunyonyea, na urefu wake unakaribiana na mrija wenyewe. Jike wa Kuleksi, aina nyingine ya mbu, vijiti vyake ni vifupi mno. Siku tatu za mwanzo wote niliwaona mbu tu. Wiki ya pili jicho likafunguka, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda fani yangu kwa dhati.

Wiki hiyo hiyo niliharibu kazi. Vikaratasi vya kutambulisha sampuli niliviandika kwa kalamu ya wino, nikavitumbukiza ndani ya vichupa vyenye spiriti. Asubuhi yake wino wote ulikuwa umeyeyuka. Mbu walikuwepo, ila nyumba waliyotoka na tarehe waliyokamatwa havikujulikana tena. Jasho la watu wanne kwa siku tano likaenda na maji. Msimamizi wangu hakunigombeza, alinipa penseli tu. Maandishi ya penseli hayafutwi na spiriti. Tangu siku hiyo siendi popote bila penseli mbili na daftari lenye jalada gumu, na kila ninachokiona nakiandika papo hapo: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa.

Usidhani hayo ni mambo madogo. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, ilijaribiwa katika nchi 7 za Afrika, na kwetu ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo. Kazi ya namna hiyo haifanywi na madaktari peke yao. Inahitaji wasoma slaidi, watunza sampuli na wachambuzi wa takwimu. Kwa hiyo somo la takwimu usilikimbie. Wengi hulisoma ili wafaulu mtihani tu, halafu wanakwama kwenye kazi ya kwanza. Programu ya takwimu iitwayo R ni ya bure, jifunze ukiwa bado chuoni.

Jambo jingine ambalo wenzangu wawili walilijua baada ya kuhitimu: kupima damu za wagonjwa hospitalini ni njia nyingine. Huko wanataka sayansi ya maabara ya tiba, na usajili wa baraza lake. Kama hicho ndicho unachokitaka, badilisha kozi mapema.

Na bahari, jamani! Watu wa Tanga tunaizoea mno hata hatuioni. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, wavuvi wa Tanzania walianza kumvua kwenye majarife mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Waliomtoa majini ni wavuvi. Ukifika Kigombe, kijiji cha wavuvi huku Tanga, toa shikamoo, kaa chini, uliza, sikiliza. Kina mama wanaolima mwani nao watakwambia kotonii, aina mojawapo ya mwani, hupauka na kukatika maji yanapopata joto. Mtaalamu wa kulishughulikia tatizo hilo pamoja nao anahitajika sana, na sioni kwa nini asiwe mtoto wa Tanga.

Kuhusu nafasi za mafunzo ya vitendo, usingoje chuo kikupangie. Ukipata barua ya chuo, ipeleke mwenyewe mwezi wa pili au wa tatu, maana ikifika wa sita meza za ofisi zimeshajaa. Muheza, Amani, ofisi za uvuvi, za misitu, kote pita. Usiandike tu kwamba unaomba nafasi. Andika unachokiweza: kuchambua mbu, kupima miti ya mikoko, kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Kama bado huna cha kuandika, likizo hii nenda ukajitolee mahali wiki mbili, ukapate.